Meseji ya Pesa si Hatimiliki

Shangazi yangu hafuti meseji. Kwenye simu yake ndogo ya vibonyezo kuna moja inayosema ametuma KSh 250,000, na nyingine ya KSh 70,000, zote za jioni moja ya Oktoba, wiki ile bonasi ya majani chai ilipoingia. Ukimuuliza habari za nyumba yake mpya, hakuonyeshi funguo. Anakuonyesha simu. "Nilituma. Si hii hapa?"

Kweli alituma, na pesa ilifika. Lakini nyumba yenyewe, ile ya vyumba vitatu nje kidogo ya mji wa Kericho, yenye mabati mekundu na rangi iliyokuwa bado inanuka upya, haijawahi kuwa yake.

Ameniruhusu nisimulie kisa chake bila kumtaja yeye wala watu aliofanya nao biashara. Nakisimulia hapa, kwenye ukurasa wa kampuni ya pesa za simu, kwa sababu nina neno ambalo pengine hukutarajia kulisoma kwetu: amana ya nyumba isitumwe kwa namba ya simu ya mtu. Hata kama unamjua. Hata kama mnasali kanisa moja. Hata kama anakuambia kuna wengine watatu wanaoitaka hiyo nyumba na ukilala utaikosa. Ukituma hivyo, sisi tunapata ada yetu na wewe unapata meseji. Na meseji si hatimiliki.

Sekunde tano na miezi mitatu

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, Wakenya tumejifunza kuiamini meseji kuliko risiti. Ukinunua unga, mwenye duka anaangalia simu yake, anaitikia kwa kichwa, unaondoka na unga wako. Ukishuka kwenye boda, ni hivyo hivyo. Meseji ikiingia, biashara imekwisha. Miaka yote hiyo imetuzoesha hivyo, na kwa unga ni sawa kabisa, kwa sababu pesa na mali hubadilishana mikono wakati ule ule.

Nyumba haiuzwi hivyo. Pesa inafika kwa sekunde tano, lakini mali inafika baada ya miezi. Mikataba mingi ya mawakili hutoa siku 90 za kukamilisha, na mara nyingi huchukua muda zaidi. Kati ya zile sekunde na ile miezi kuna pengo, na humo ndani ya pengo ndimo pesa za watu hupotelea. Si lazima mtu awe mwizi. Anaweza kuwa mwuzaji mwenye nia nzuri aliyekwama na mirathi, au fundi aliyetumia amana yako kumalizia nyumba ya mteja mwingine. Kwako wewe matokeo ni yale yale.

Kwa hiyo, unaponunua nyumba mpya, swali la kwanza lisiwe "nitume kwa namba gani?" Liwe "nani atashika pesa yangu hadi nyumba iwe yangu?"

Kwa nini hili ni letu zaidi

Watu wa Kericho na Bomet wana sababu zao za kutamani nyumba iliyokwisha kujengwa. Ukifanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai, unaishi nyumba ya kampuni. Watoto wanazaliwa humo, wanakulia humo, lakini siku kazi ikiisha unarudisha ufunguo. Na kazi zenyewe zinapungua. Hasira za watu kuhusu mashine za kuchuma majani tuliziona Mei 2023, mashine zilipochomwa Kericho. Mtu aliyefanya kazi miaka 25 akilipwa mafao yake, anataka ukuta ambao hakuna meneja atakayemwondoa ndani yake.

Mkulima mdogo naye, anayepeleka majani kwenye kiwanda kama Momul, Litein, Kapkoros au Tirgaga, hulipwa kidogo kila mwezi kulingana na kilo, kisha mara moja kwa mwaka inakuja bonasi. Hiyo bonasi ndiyo karo, ndiyo mabati, ndiyo deni la duka, ndiyo ndoto ya nyumba. Na mabroka wanaijua kalenda yetu kuliko sisi wenyewe. Ikifika Oktoba, simu zinaanza kulia: kuna nyumba, imebaki moja, bei ni ya wiki hii tu.

Halafu kumbuka bonasi yenyewe si ya kutegemea. Ya mwaka 2025 iliwaacha wakulima wengi wa huku wakilalamika, kwa sababu viwango vya Kericho na Bomet vilikuwa chini sana kuliko vya Mlima Kenya. Pesa ya namna hiyo ikipotea hairudi msimu ujao. Shangazi alikuwa ameunganisha bonasi, ng'ombe wawili na akiba ya chama ili kufikisha zile KSh 320,000, asilimia 10 ya bei ya nyumba. Ilimchukua miaka sita kuzikusanya, na kuzituma ilikuwa kazi ya dakika nne.

Jina lililotokea kwenye simu

Kuna jambo moja katika kisa chake ambalo linaniuma kila nikilifikiria. Kabla hajathibitisha, simu ilimwonyesha jina la anayetumiwa. Halikuwa jina la mwenye nyumba. Alisimama, akampigia broka simu kuuliza. Broka akacheka: "Mama, hiyo ni namba ya ofisi." Akathibitisha.

Tunaweka jina pale kwa sababu moja tu: ukiona si lenyewe, uache. Jina lisilolingana na jina lililo kwenye mkataba si jambo la kuelezwa kwa simu. Ni sababu ya kufunga simu, kulala, na kesho yake kwenda mwenyewe. Namba ya ofisi ingekuwa Paybill au Till yenye jina la ofisi. Broka wa kweli pia ana kitambulisho kingine: kwa sheria za Kenya, mtu anayefanya biashara ya kuuza mali za watu anatakiwa awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba. Muulize namba yake ya usajili. Aliyesajiliwa hatakasirika.

Baada ya ile amana, maombi madogo yakaanza. KSh 15,000 ya "sachi". KSh 35,000 ya "bodi". KSh 50,000 ya "kuvuta stima". Jumla ikafika KSh 420,000. Hapa pia kuna alama ya hatari ambayo kila mteja anapaswa kuijua. Ada za serikali kuu siku hizi hulipwa kupitia eCitizen, na Paybill yake ni 222222. Ukiambiwa utume "ada ya ofisi ya ardhi" kwa namba ya mtu, hiyo si ada. Na kufanya sachi rasmi ya kipande cha ardhi hakufiki hata robo ya hizo 15,000 alizoombwa.

Mambo ambayo meseji haiwezi kujua

Meseji inajua mambo machache: nani ametuma, nani amepokea, kiasi gani, lini. Haijui ardhi ni ya nani. Huku kwetu, hilo ndilo swali lenye mizizi mirefu zaidi.

*Hati iko kwa jina la nani?* Nyumba mpya nyingi zimejengwa kwenye shamba la zamani. Babu alipewa hati, babu akafariki, wana wakagawana kwa mdomo, mjukuu akauza kona ya barabarani kwa mtu aliyejenga nyumba tatu. Kila mtu kijijini anajua kona hiyo ni ya nani, isipokuwa ofisi ya ardhi. Kwenye rejista bado ni ya marehemu. Na mali ya marehemu haiuzwi kabla mirathi haijapita mahakamani na kuthibitishwa. Nyumba ya shangazi ilikuwa hivyo hasa. Alikuja kujua mwezi wa Juni, miezi minane baada ya kutuma, alipokwenda mwenyewe kufanya sachi.

Usishtuke ukiwa Bomet, Sotik au Silibwet ukute hati inaanza na neno Kericho. Bomet ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kericho hadi 1992, na vipande vingi vilibaki na majina ya zamani. Cha kuangalia ni namba ya kipande, ukubwa, jina la mwenyewe, na kama kuna mkopo wa benki au kizuizi chochote kilichowekwa juu yake.

*Shamba limeshagawanywa?* Ukiuziwa nyumba kwenye hamsini kwa mia, uliza kama hiyo hamsini kwa mia ina hati yake au bado iko ndani ya hati mama ya ekari tatu. Kama bado, huna nyumba yenye mipaka. Una ahadi ndani ya shamba la mtu. Mpimaji aliyesajiliwa awe amepima, na hati mpya ziwe zimetoka.

*Mke au mume amekubali?* Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka wanandoa wote wawili wakubali kabla mali ya ndoa haijauzwa. Mzee akikuuzia huku mama anachuma majani hajui kitu, umenunua kesi.

*Bodi ya ardhi imeruhusu?* Hili watu wengi hulisikia wakiwa wamechelewa. Kama ardhi ni ya kilimo, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inataka idhini ya bodi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mlipokubaliana. Muda huo ukipita bila idhini, mauzo yanabatilika, isipokuwa mahakama ikuongezee muda. Sheria inasema unaweza kudai pesa yako irudishwe kama deni. Lakini kudai ni jambo moja, na kupata ni lingine.

Ploti za ndani ya mji zina mambo yake. Nyingi ni za kukodishwa kwa miaka maalum, kwa hiyo uliza imebaki miaka mingapi na kama kodi za kaunti zimelipwa. Ukinunua nyumba ya ghorofani, uliza kama utapata hati ya nyumba yako peke yako. Sheria ya 2020 ya mali za sehemu inaruhusu hilo, usikubali kupewa karatasi ya "hisa" tu bila maelezo.

"Lakini wazee walishuhudia"

Najua mtakachoniambia. Huku kwetu tunajuana. Mkataba unaandikwa kwenye karatasi, wazee wanakaa, chifu anagonga muhuri, watu wanakunywa chai na mursik, na neno la mtu mbele ya wazee lina uzito. Wakili ni ghali, tena yuko mbali. Mbona tumenunua mashamba hivyo tangu zamani?

Siwadharau wazee. Wazee wanajua mpaka ulipita kwenye mti gani. Wanajua kama mwuzaji ana ndugu aliyeko Nairobi ambaye hajaulizwa. Waite, na uwasikilize vizuri, kwa sababu rejista haina habari hizo. Tena sheria ya mikataba nayo inataka mkataba wa ardhi uandikwe, utiwe sahihi na pande zote, na sahihi zishuhudiwe. Wazee wanaweza kuwa mashahidi wazuri.

Kitu ambacho wazee hawawezi kufanya ni kuhamisha jina kwenye rejista, wala kuishika pesa yako mahali salama. Muhuri wa chifu hauchukui nafasi ya idhini ya bodi. Kuhusu ghali: shangazi alikwepa gharama ya wakili, akapoteza KSh 420,000, kisha akamtafuta wakili. Mwishowe alilipa vyote viwili.

Tafuta wakili wako mwenyewe, si yule wa mwuzaji mnayeambiwa "atawashughulikia nyote". Chama cha Mawakili cha Kenya kina orodha mtandaoni ambapo unaweka jina la wakili na kuona kama ana leseni ya mwaka huu. Ni kazi ya dakika moja kwenye simu.

Pesa kubwa ipitie wapi

Wakili huwa na akaunti ya benki ya wateja, iliyotengwa na pesa zake mwenyewe. Sheria za taaluma yao zinamlazimisha aitenge. Amana ikiwekwa humo, na mkataba ukasema haitatolewa kwa mwuzaji hadi uhamisho ukamilike, lile pengo la sekunde tano na miezi mitatu linakuwa na mlinzi. Ukinunua kwa mkopo wa benki au wa Sacco, nao watataka kuona hati, thamani na sachi kabla ya kutoa shilingi. Watu hulalamika kwamba wanachelewesha. Mimi nasema huko kuchelewesha ndiko unakokulipia.

Hata viwango vya simu vyenyewe vinakuambia jambo. Tangu Agosti 2023, kwenye M-Pesa unaweza kutuma hadi KSh 250,000 kwa mara moja na hadi KSh 500,000 kwa siku. Tuseme nyumba ni KSh 4,500,000. Amana ya asilimia 10 ni KSh 450,000, inaingia kwa siku moja. Salio la KSh 4,050,000 lingekuchukua siku tisa za kutuma. Mtu akikuomba ulipie nyumba hivyo, kwa vipande vya kila siku kwenda namba yake, jiulize kwa nini hataki pesa ipite benki, ambako kuna rekodi yenye jina la kila upande.

Weka pia pembeni pesa za mwisho ambazo wauzaji hawazitaji kwenye tangazo. Ushuru wa stempu ni juu ya mnunuzi: asilimia 4 ya thamani kwa mali ya mjini, asilimia 2 kwa ya mashambani. Kwa nyumba hiyo ya KSh 4,500,000 ni KSh 180,000 au KSh 90,000. Ongeza wakili, ongeza mpimaji. Ukitumia kila senti kwenye bei, utakaa miaka na nyumba isiyo na jina lako kwa sababu ulikosa pesa ya kuandikisha.

Kama nyumba bado haijajengwa na unauziwa kwa ramani, lipia kilichosimama. Msingi ukiisha, sehemu yake. Kuta zikifika linta, sehemu yake. Mabati yakipanda, sehemu yake. Tena usilipe kwa picha za WhatsApp, hasa ninyi mlio Nairobi, Doha au Marekani. Mtume mtu mnayemwamini, tena asiwe rafiki wa fundi. Kiwanjani kuwe na kibao chenye namba ya usajili wa mradi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na kaunti iwe imepitisha ramani.

Nyumba za bei nafuu na lile kato la mshahara

Swali hili tunaulizwa sana, acha nilijibu. Ukiajiriwa, asilimia 1.5 ya mshahara wako inakatwa kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri wako anaongeza kiasi kama hicho. Hiyo ni tozo chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024. Si akiba yako, wala si amana ya nyumba yoyote. Mchumaji chai aliyekatwa mwaka mzima hajanunua hata mlango.

Ukitaka nyumba hizo, unajiandikisha kwenye Boma Yangu kwa jina lako, unaweka akiba kwa hiari kupitia akaunti yako mwenyewe, na kuomba nyumba humo humo. Hakuna broka. Anayekuambia ana "nafasi" ya kukuuzia, au atakusogeza mbele ukimtumia kitu kidogo, usimtumie. Faida moja usiisahau: anayenunua nyumba yake ya kwanza chini ya mpango huo husamehewa ushuru wa stempu.

Nenda mvua ikinyesha

Mabroka hupenda kukupeleka kuona nyumba asubuhi, jua likiwa limetoka na majani chai yanang'aa mpaka mlimani. Hapo hata banda linapendeza. Nenda saa tisa alasiri, mawingu yakishuka.

Kericho ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, na mvua ya mawe ni ya kawaida huku. Nyumba mpya isiyoonja mvua haijajulikana. Angalia maji ya paa yanakwenda wapi. Angalia kama yale ya mlimani yanaingia nyuma ya ukuta. Gusa kuta za chini, karibu na sakafu, kama ni baridi na mbichi. Angalia dari kama lina madoa yaliyopakwa rangi juu yake. Panda uone mbao za paa: mbao mbichi zilizopigiliwa haraka zitapinda zikikauka, na mabati yatafuata. Uliza choo kinakwenda wapi, na kisima au bomba liko umbali gani kutoka hapo. Kama gari haliwezi kufika mwezi wa Aprili, hiyo barabara si barabara.

Na kwenye mkataba, mwambie wakili wako abakishe sehemu ya pesa kwa miezi kadhaa baada ya kuhamia, ili nyufa na uvujaji virekebishwe na aliyejenga. Fundi hurudi haraka pale anapodai.

Kazi ya simu kwenye ununuzi wa nyumba

Sisemi simu haina nafasi. Ina kazi kubwa, ila si ile tuliyoipa.

Simu ni nzuri kwa kuweka akiba. Tuma kidogo kila mwezi kwenye Paybill ya Sacco yako, iwe Imarisha, Ndege Chai au nyingine yenye leseni, kabla hujaizoea hiyo pesa mfukoni. Ni nzuri kwa kulipia ada rasmi kwenye eCitizen na kubaki na risiti. Ni nzuri kwa kulipia huduma ndogo kwa watu uliowathibitisha. Ukilipa chochote kwenye Paybill, sehemu ya akaunti andika kitu kitakachoeleweka baadaye, kama vile namba ya kipande au ya mkataba. Baada ya miaka miwili hutakumbuka KSh 8,000 zilikuwa za nini.

Na jambo moja la usalama. Siku ukiwa na pesa nyingi kwenye simu, usitangaze. Namba ya siri usimpe mtu, hata mtoto wako, hata mtu anayesema anapiga kutoka kwetu. Sisi hatuiulizi kamwe. Laini yako ikizimika ghafla bila sababu, piga simu huduma kwa wateja mara moja kwa kutumia simu nyingine.

Nikisema meseji si hatimiliki, sisemi pia kwamba haina maana. Ni ushahidi. Shangazi aliomba stetimenti ya mwaka mzima, wakili akaweka alama kila malipo: tarehe, kiasi, jina la aliyepokea. Bila hiyo ingekuwa neno lake dhidi ya neno la broka. Barua ya madai ilipofika, pesa zikaanza kurudi kidogo kidogo, KSh 10,000, KSh 20,000. Kufikia sasa amepata KSh 150,000. Bado anadai KSh 270,000, na hajui kama ataziona.

Mwezi uliopita alikwenda kuangalia nyumba nyingine, ndogo kuliko ile, upande wa Litein. Mwuzaji akaanza kumwonyesha jikoni, vigae, sinki la kung'aa. Shangazi akamkatiza kwa upole. "Mwanangu, nyumba ni nzuri. Hati iko kwa jina la nani?"